Jinsi ya kuchagua dresingi nyepesi ya chupa ambayo bado ina ladha

Wadau, mimi naandaa saladi za mchana kwa oda hapa Dar, na swali ambalo wateja wananiulizaga sana ni anunue chupa gani ya dresingi (ile sosi ya kumwagia saladi) supamaketi, maana akichukua ile nyepesi anakuta haina ladha au ni sukari tupu, wiki inayofuata karudi kwenye mayonezi. Nyepesi tamu zipo kabisa, ila mbele ya chupa hawakuambii. Geuza nyuma.

Hatua ya 1: Lile neno "light" lisikupe presha. Kwa Ulaya chupa inaandikwa hivyo mafuta au kalori zikipungua angalau asilimia 30 kulinganisha na bidhaa za aina yake, na Marekani dresingi ambayo kalori zake nyingi zinatokana na mafuta inatakiwa mafuta yapunguzwe nusu. Kwa hiyo mayonezi "light" imekuwa nyepesi kuliko mayonezi mwenzake, basi, sio kuliko kila kitu kwenye shelfu.

Hatua ya 2: Weka vipimo sawa. Hapa watu wengi wanapigwa chenga kwa sababu shelfu zetu zimechanganya mizigo ya kila sehemu, chupa ya Marekani inahesabu kwa vijiko vikubwa 2 ambavyo ni kama gramu 30, ya Ulaya inahesabu kwa gramu 100. Tuseme moja imeandikwa kalori 70 na nyingine 250, utakimbilia ya 70 si ndio? Chukua 250 gawa kwa 10 zidisha mara 3, unapata 75. Zinakaribia kulingana! Mimi nachukua yenye kalori kati ya 40 na 70 kwa vijiko viwili, ikishuka sana chini ya hapo mara nyingi ladha nayo imeondoka.

Hatua ya 3, na hii ndo yenyewe: soma viambato. Vinapangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Mafuta yakiwa namba moja hiyo ni nzito, maji au siki ikitangulia halafu mafuta yakafuata, uko sehemu nzuri. Sukari ikiwa mbele ya mafuta rudisha chupa, maana mafuta ndo yanabeba ladha, wakiyatoa lazima kitu kingine kishike nafasi, na cha bei rahisi ni sukari, wanga na xanthan gum ya kufanya iwe nzito. Unachotafuta ni siki, juisi ya limau, haradali, mtindi, jibini ya parmesan, tangawizi, mafuta ya ufuta kidogo. Haradali naipenda kuliko vyote, inaleta ukali na pia inashikanisha maji na mafuta hata mafuta yakiwa machache. Angalia chumvi imeandikwa wapi, kama haradali au mtindi umetajwa kabla ya chumvi ujue vimewekwa vya kutosha, vikiwa mwisho kabisa vimepita tu.

Zile "fat free", yaani zisizo na mafuta, mimi siwashauri watu. Karoti, nyanya, spinachi zina karotini, ile ambayo mwili unaigeuza vitamini A, na mwili unaifyonza vizuri zaidi kukiwa na mafuta kidogo, sasa unakula saladi ya nini kama faida yake unaipunguza mwenyewe?

Hatua ya 4: Chumvi. Ulaya wanaandika chumvi kwa gramu, Marekani wanaandika sodiamu kwa miligramu, zidisha sodiamu mara 2.5 upate chumvi. Sodiamu miligramu 350 ni karibu gramu 0.9 za chumvi, na WHO wanashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima, kwa hiyo mwenye presha aangalie hapa kabla hata ya kalori.

Hatua ya 5: Ukifika nyumbani usiionje kwa kijiko, chovya jani la letusi au kabichi, kwa sababu ikiwa peke yake kila dresingi inaonekana kali sana. Majani yakaushe kwelikweli, yakiwa na maji dresingi inateleza chini ya bakuli na wewe unaongeza nyingine. Tikisa chupa, weka kijiko kimoja kwenye bakuli kubwa, geuza kwa mikono mpaka kila jani ling'ae, ndo uongeze kama bado. Ikipooza kamulia ndimu, pilipili manga na kotimiri iliyokatwa hapohapo, na ikiwa nzito ichanganye na mtindi usio na sukari nusu kwa nusu, ila mchanganyiko wa mtindi fanya wa kula siku hiyo tu, chupa yenyewe ndo irudi kwenye friji.