Kupima hatari ya mgonjwa kabla ya upasuaji wa vali ya moyo: tunavyojaza EuroSCORE II hapa Bukavu

Wiki iliyopita dokta mmoja kijana alinijia na dosye ya binti wa kisiwa cha Idjwi, miaka 28, vali ya mitrali imebana kutokana na rumatizimu ya utotoni. Timu itakayompasua nje ya nchi inadai kwanza asilimia ya hatari ya kufa kwa upasuaji, na EuroSCORE II ndiyo kikokotoo kinachoitoa. Tulikaa mchana mzima. Nawaandikia ninyi mnaoandaa dosye kama hiyo.

Hatua ya 1. Weka mezani eko ya moyo (picha ya mawimbi ya sauti), kreatinini (taka ya damu ambayo figo huisafisha), uzito na orodha ya dawa. Fungua kikokotoo cha EuroSCORE II, ni bure kwenye intaneti. Nakipenda kuliko kile cha STS, chama cha wapasuaji wa kifua cha Marekani: maswali ni machache, na vipimo vyetu vinatosha kuyajibu.

Hatua ya 2: figo. Hapa msiharakishe. Kinachotakiwa si kreatinini tupu, ni kasi ya figo kuisafisha, kwa kanuni ya Cockcroft-Gault: 140 toa umri, zidisha kwa kilo, gawanya kwa 72 mara kreatinini ya mg/dl. Kwa mwanamke, zidisha tena kwa 0.85.

Labo moja inaandika mg/l, nyingine mg/dl, nyingine µmol/l. 14 mg/l ni sawa na 1.4 mg/dl, na ni karibu 124 µmol/l. Mwaka nilioanza kazi hii niliingiza 14 kana kwamba ni mg/dl, figo zikaonekana zimekufa kabisa, na nilikesha nikitafuta ugonjwa ambao haukuwepo. Kama karatasi haina kipimo pembeni ya namba, pigia labo simu. Usikisie.

Halafu uzito. Binti aliingia amevimba miguu na tumbo, kilo 58. Baada ya siku kadhaa za furosemidi, dawa ya kukojoza maji, akawa na 49, na kreatinini ya siku hiyo ilikuwa 1.4. Dokta alikuwa ametumia 58 ya siku ya kuingia, akapata 55 ml kwa dakika. Kwa 49 inatoka 46. Mpaka wa kundi la figo ni 50, chini yake hatari ni kubwa zaidi, kwa hiyo hatari ilikuwa imepunguzwa na maji ya mwilini tu. Kreatinini hutoka kwenye misuli, maji hayaitoi. Tumia uzito wa mgonjwa aliyekwisha kukauka, na kreatinini ya siku hiyohiyo, maana furosemidi yenyewe yaweza kuipandisha.

Hatua ya 3. NYHA, yaani daraja la kukosa pumzi na kuchoka: muulize mgonjwa. Nguvu ya ventrikali ya kushoto: soma eko, jaza.

Hatua ya 4. Presha ya mishipa ya mapafu: 31 hadi 55 mmHg ni kundi moja, zaidi ya 55 ni jingine.

Hatua ya 5. Swali la kutembea kwa shida linahusu mifupa, misuli na neva. Aliyepooza upande kwa kiharusi, ndiyo. Anayesimama njiani kwa kukosa pumzi, hapana, huyo ameshahesabiwa kwenye NYHA. Vivyo hivyo, kifua kikuu kilichopona si ugonjwa sugu wa mapafu kama mgonjwa hatumii dawa za mapafu za muda mrefu.

Hatua ya 6. Idadi ya kazi za upasuaji: mitrali peke yake ni kazi moja. Wakitengeneza na vali ya trikuspidi, ni mbili.

Hatua ya 7: kusoma jibu. Kikokotoo kilijengwa kwa wagonjwa 22,381 waliopasuliwa mwaka 2010, wastani wa umri karibu miaka 65. Wetu ni vijana wenye rumatizimu. Hakiulizi hemoglobini, wala kukonda, wala moyo unaopiga ovyo. Mimi siipeleki asilimia bila aya chini yake inayoyataja hayo matatu.

Tena kinatabiri kifo cha hospitalini tu. Akiwekewa vali ya chuma atameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yote, na dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Muulizeni binti kama anataka kuzaa kabla vali haijachaguliwa. Kisha andikeni kwenye dosye INR yake (kipimo cha kuganda kwa damu) itapimwa wapi, na ni saa ngapi za boti kutoka kwao hadi kwenye hiyo labo.