Namna ya Kupima Oili ya Injini na Kupata Kipimo cha Kuaminika

Wengi wanaopata kipimo kisicho sahihi cha oili ya injini wanaijua vizuri dipstiki, yaani kile kijiti chembamba cha chuma cha kupimia oili, na mahali ilipo. Kosa lao ni kupima oili ambayo bado haijarudi mahali pake. Injini inapofanya kazi, pampu huvuta oili kutoka kwenye sampu, yaani lile karai lililo chini ya injini, huipitisha kwenye filta na kuisukuma hadi kwenye beringi za krenki, yaani mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, kisha juu kabisa kwenye vali, ambako humwagika na kuteremka kwa uzito wake wenyewe. Ukizima injini na kuchomoa dipstiki papo hapo, sehemu ya oili hiyo ingali njiani, na utaona upungufu ambao haupo.

Anza na mahali unapoegesha. Dipstiki huzama katika sehemu moja tu ya sampu, na mara nyingi sehemu hiyo iko pembeni, kwa hiyo gari likiinama kidogo mbele, nyuma au ubavuni, oili hukusanyika upande mmoja na kipimo hupanda au hushuka ilhali kiasi cha oili hakijabadilika hata tone. Tafuta sakafu iliyo sawa, hakikisha hakuna tairi lililopungua upepo, vuta breki ya mkono, kisha zima injini. Ni vizuri zaidi kupima mahali palepale kila mara, kwa sababu hata kama sakafu ina mteremko usioonekana kwa macho, vipimo vyako vitaweza kulinganishwa.

Suala la muda na joto ndilo linalozua ubishi mwingi, na jibu lake limo katika kitabu cha maelekezo cha gari lako. Watengenezaji wengi huelekeza injini ipate joto la kawaida la kazi, izimwe, kisha dereva asubiri dakika 5 hadi 10; wengine hutaka injini ipimwe ikiwa baridi, kabla ya kuwashwa asubuhi. Tofauti hiyo ina sababu. Oili hutanuka inapopata joto: lita 4 zinapotoka nyuzi 20 za selsiasi hadi 90 huongezeka ujazo kwa takriban lita 0.2, kiasi kinachoonekana waziwazi kwenye dipstiki. Hali mbaya kuliko zote ni ya gari lililowashwa likiwa baridi, likasogezwa mita chache tu na kuzimwa, kwa kuwa oili imekwisha kupandishwa juu ya injini huku ikiwa bado nzito, na itachukua muda mrefu kuteremka. Ikiwa umelazimika kulisogeza gari namna hiyo, ama liendeshe hadi lipate joto ndipo upime, ama liache hadi kesho yake.

Baada ya kusubiri, fungua boneti. Mpini wa dipstiki ya oili ya injini mara nyingi ni wa rangi ya njano au ya machungwa. Usiichanganye na ile ya giaboksi ya otomatiki, ambayo katika magari mengi hupimwa injini ikiwa inaunguruma. Ichomoe, uifute, na usiisome kabisa kwa mara hii ya kwanza. Injini inapozunguka, oili hurushwa huku na huku na kupaka kuta za mrija ambamo dipstiki hukaa, kwa hiyo alama unazoziona mara ya kwanza ni mchanganyiko wa oili ya sampu na ile iliyoganda mrijani. Futa kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi, pamoja na sehemu iliyo juu ya alama za kiwango, kisha irudishe hadi mpini ukae kabisa kwenye kiti chake. Hapa watu huteleza: mrija wa dipstiki aghalabu umepinda, na dipstiki iliyojisokota inaweza kukwama ikiwa imebakiza sentimita moja au mbili kufika mwisho. Ukihisi inagoma, izungushe taratibu, usiilazimishe.

Ichomoe tena bila kuigusisha pembeni na uishike ikiwa imelala. Ukiielekeza ncha juu, oili itatiririka kuelekea mkononi na kukudanganya. Sasa isome kwa makini pande zote mbili. Utaona mahali ambapo utando wa oili umefunika upana wote wa chuma, kutoka ukingo hadi ukingo, na juu yake huenda ukaona michirizi au matone yanayopanda kwa upande mmoja tu. Kipimo ni pale utando kamili unapoishia. Michirizi ile ni ya mrijani. Pande mbili zikitofautiana, chukua kipimo kilicho cha chini zaidi. Oili mpya huwa angavu kiasi kwamba ni vigumu kuiona, na dawa yake ni kuilaza dipstiki juu ya karatasi nyeupe kavu na kuangalia karatasi inalowa kuanzia wapi. Rudia zoezi zima mara moja zaidi. Mimi sikiamini kipimo chochote hadi viwili vifuatane na kukubaliana.

Kati ya alama ya chini na ya juu, katika magari mengi madogo, kuna takriban lita 1, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye neno la mwisho. Kiwango kikiwa popote kati ya alama hizo, injini iko salama, na hakuna haja ya kuijaza hadi juu kabisa. Kikiwa karibu na alama ya chini, ongeza robo lita ya oili ya aina iliyoelekezwa, subiri dakika kadhaa, pima upya. Niliwahi kupima mara tu baada ya safari, nikaona dipstiki karibu kavu, nikamimina karibu lita nzima. Asubuhi kiwango kilikuwa kimepita alama ya juu kwa mbali, na ikabidi oili ile ya ziada itolewe. Ziada hiyo si jambo dogo, kwa maana krenki inaweza kuipiga oili hadi ikatoka povu, na povu halilainishi beringi inavyopaswa. Shinikizo nalo huweza kuvujisha oili kwenye sili.

Baada ya kubadilisha oili na filta, washa injini kwa dakika moja au mbili ili filta mpya ijae, zima, subiri, ndipo upime. Baadhi ya magari ya kisasa hayana dipstiki kabisa. Kipimo husomwa kwenye dashibodi kwa kufuata masharti ya mtengenezaji, na sharti la sakafu iliyo sawa linabaki palepale. Ile taa nyekundu ya oili haihusiani na zoezi hili, kwa sababu huonya kuhusu shinikizo, na ikiwaka safarini, simama mahali salama na uzime injini bila kukawia.

Andika tarehe, kilomita na kiwango ulichokiona. Ukigundua kwamba kiwango kinapanda bila wewe kuongeza chochote, nusa dipstiki: harufu ya petroli au dizeli ina maana kwamba mafuta yanaingia kwenye oili, na rangi ya maziwa huashiria maji, pengine ya rejeta kupitia gasketi iliyoharibika. Katika hali hiyo usiendelee kuliendesha gari; mwite fundi alikague likiwa hapohapo lilipo.