SOMO: Kuonja lambic na gueuze Brussels, someni hapa kabla ya kuniuliza

Wakuu habari. Kila anayepata safari ya Ubelgiji ananiuliza yale yale, niende kiwanda gani, bia chachu zinanywewaje, mbona niliyonunua ni siki tupu. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nampa linki.

1. Jua unakunywa nini. Lambic ni bia ya Brussels na vijiji vya Pajottenland, bonde la mto Senne. Inapikwa kwa kimea cha shayiri na ngano mbichi, ngano kama theluthi hivi, na hopi (maua yanayoipa bia uchungu) zilizokaa miaka mpaka uchungu wake umepungua sana. Hamira hakuna anayetia. Supu ya nafaka ikishachemka inamwagwa kwenye beseni pana la chuma au shaba, mara nyingi darini, inalala usiku kucha ikipoa, na vijidudu vya hewani vinaingia vyenyewe. Ndiyo maana wanapika miezi ya baridi tu, kuanzia Oktoba hivi mpaka Aprili, joto likija wanaingia wengine wasiotakiwa. Baada ya hapo mapipa ya mbao, mwaka mmoja mpaka mitatu. Gueuze ni lambic changa na kuukuu zilizochanganywa, ile changa bado ina sukari na hiyo sukari ndiyo inatengeneza gesi ndani ya chupa. Kriek ni lambic iliyolowekwa cheri chachu.

2. Anza na Cantillon, Anderlecht. Ni kiwanda cha familia tangu 1900, na tangu 1978 ni makumbusho pia, unatembea kwa miguu kutoka stesheni ya Gare du Midi. Angalia siku za kufungua kwenye tovuti yao. Ukikuta utando wa buibui juu ya mapipa usiuguse, buibui pale wana kazi, wanakula inzi wanaofuata matunda, na inzi hao ndio wanaobeba bakteria wa siki.

3. Kula kwanza. Mwenye vidonda vya tumbo akae mbali kabisa.

4. Soma lebo. Ukiona Oude Geuze, Oude Kriek au kwa Kifaransa Vieille, hiyo ni ya asili, majina hayo yanalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya. Cantillon wao wanaandika 100% lambic.

5. Kufungua chupa. Hapa ndipo watu wanaharibu, someni taratibu. Chupa ya gueuze inalazwa ubavu miezi au miaka, kwa hiyo mashapo yote yamekaa upande mmoja. Sasa mtu anaichomoa, anaisimamisha, anaitikisa akiitafuta opena, halafu analalamika bia ina matope. Njia ni mbili tu. Ama uitoe vilevile ilivyolala uiweke kwenye kikapu cha kulazia chupa, uifungue na kuimimina ikiwa imeinama, ama uisimamishe jana yake uiache kabisa. Chupa nyingi zina kifuniko cha bati juu na kizibo cha gome chini yake, ukitoa bati usidhani umemaliza, chukua kizibuo. Elekeza mdomo wa chupa pembeni, USIELEKEZE usoni kwa mtu, gesi yake ni kali, vuta kizibo polepole ukiwa umekifunika kitambaa. Glasi zote zipangwe kabla, kisha mimina moja baada ya nyingine bila kuirudisha chupa wima, maana kila ukiirudisha mashapo yanapanda tena. Hayana madhara ila yanaficha ladha. Na usiitoe kwenye friji ikiwa barafu, nyuzi 12 hivi zinatosha, ikiwa baridi sana utasikia ukali tu.

6. Kuonja. Nusa kwanza. Utapata ndimu, tufaha bichi, nyasi kavu, ngozi, hata harufu ya zizi la farasi, na hiyo si ubovu, ni kazi ya hamira ya porini inayoitwa Brettanomyces. Funda la kwanza ulimi unashtuka, usihukumu. Funda la tatu ndo bia inaanza kuongea. Ikikuchoma koo na harufu ni ya siki tupu, hapo una haki ya kulalamika.

7. Usiendeshe gari. Treni zipo.

MASWALI

Swali: Mkuu hawa wanaweka hamira gani?
Jibu: Rudi namba 1.

Swali: Nimenunua kriek supermarket ni tamu kama juisi, wewe unasema chachu. Unatupotosha.
Jibu: Sijampotosha mtu, namba 4 ipo pale. Kriek nyingi za supermarket zimeongezwa sukari. Weka picha ya lebo ndo tuongee.

Swali: Mimi wa Moshi. Mbege nayo hatununui hamira, kwa nini haifanani na hii?
Jibu: Swali zuri sana hili. Mwanzo wanafanana kweli, vijidudu vinatoka hewani, kwenye vyombo na kwenye kimea cha ulezi. Tofauti kubwa ni muda. Mbege inanywewa ndani ya siku chache, bado ina utamu wa ndizi, lambic inasubiri mpaka Brettanomyces imalize sukari ambayo hamira ya kawaida haiiwezi. Na angalia gome la msesewe, linaleta uchungu kwenye mbege kama hopi kwenye bia ya kawaida, wakati kwenye lambic hopi kuukuu zipo zaidi kuzuia bakteria wabaya. Ukipata nafasi onja zote mbili uturudie hapa.

Swali: Nimefungua chupa bia ikawa nzito inavutika kama mlenda, nimwage?
Jibu: Ni bakteria Pediococcus, kwa bia changa hutokea. Haina madhara. Kama una chupa zingine za mzigo huo zilaze miezi kadhaa, Brettanomyces huja kuuvunja huo ute.

Swali: Naweza kuja nazo Dar?
Jibu: Begi la chini tu, kila chupa izungushie nguo. Ukifika zilaze wiki kadhaa kwenye ubaridi, usifungue usiku huohuo.

Swali: Baada ya Cantillon wapi? Nina siku mbili.
Jibu: Panda treni ya kwenda Halle, shuka Lot, pale kuna 3 Fonteinen. Ukipita Halle kidogo ni Lembeek, kwa Boon. Kama unaweza kupanga tarehe, ulizia Toer de Geuze, kila baada ya miaka miwili viwanda vya lambic vinafungua milango wikiendi moja na mabasi yanazungusha watu. Siku ya pili ukitaka kitu tofauti nenda Roeselare kwa Rodenbach, ile si lambic, ni bia nyekundu inayokaa miaka miwili hivi kwenye mapipa makubwa ya mwaloni yanayozidi kimo cha mtu, kisha inachanganywa na changa. Ziara weka oda mapema.