Glandi ya kebo ya amadi: kata nusu, vunja kwa mkono

Kebo ya amadi ina nyaya za chuma za kuilinda chini ya ganda la nje, na glandi ni kifaa cha kuibana kwenye boksi. Kabla hujakata chochote, ivishe kebo kifuniko cha plastiki na nati ya nyuma ya glandi. Ukisahau, utarudia kazi yote. Kisha, ganda la nje likishavuliwa, zungusha msumeno wa chuma juu ya zile nyaya za chuma, uzikate nusu ya unene tu. Zipinde moja moja huku na huku, zitakatika zenyewe. Msumeno ukipenya hadi ganda la ndani unajeruhi insulesheni, na kosa hilo hujitokeza baadaye sana, unyevu ukishaingia. Nyaya ziwe na urefu wa koni ya glandi (sehemu iliyochongoka ambayo nyaya hubanwa juu yake): fupi huchomoka, ndefu huzuia nati kukaza. Zitandaze kuzunguka koni, zisipandane.

Nje tumia glandi ya aina ya CW, ina raba ya kuzuia maji. BW ni ya ndani pakavu. Kebo ya 3 × 2.5 mm² inataka glandi ya saizi ya 20S. Ukiweka 20 ya kawaida, raba haitabana hata ukaze kwa spana mbili.

Boksi la chuma likwanguliwe rangi pale kinapokaa kibati cha ethi, yaani kibati cha pete kinachovaa kwenye glandi ili amadi iunganishwe na waya wa ardhini. Rangi ikibaki, hitilafu ikitokea breka huenda isikate. Kwenye boksi la plastiki, bila kibati na waya wake amadi haiungwi na ethi hapo.