SOMO: Jinsi ya kumsoma Plato ukiwa na Homer pembeni

Wakuu, kila wiki naulizwa "Plato si aliwafukuza washairi, sasa Homer wa nini?" Plato ni mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na kwenye kitabu chake Jamhuri washairi wanafukuzwa kwenye dola bora; Homer ndiye mshairi Mgiriki wa kabla yake. Naandika mara moja, anayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Tafuta Iliad na Odyssey, tenzi mbili za Homer, zenye namba za mistari.

2. Soma Iliad kitabu cha 1, ugomvi wa Achilles, shujaa mkuu wa Wagiriki kwenye vita vya Troy, na Agamemnon, kamanda wao.

3. Kitabu cha 2 nenda taratibu. Jeshi linakimbilia merikebu lirudi kwao, Odysseus, mmoja wa wafalme wao, anapita na fimbo ya enzi, wakubwa anawabembeleza, askari wa kawaida anawachapa akisema watawala wengi si jambo jema, awe mmoja. Thersites, askari wa kawaida, anasimama anamsema Agamemnon kwa ulafi, karibu yale yale aliyosema Achilles, anatandikwa mgongoni mpaka machozi yanamtoka na wenzake wanacheka. Tofauti ni cheo cha msemaji tu, na hilo linaniuma kila nikisoma.

4. Odyssey kitabu cha 9, Cyclopes, majitu yenye jicho moja, hawana mabaraza wala sheria, kila mmoja anatawala mke na watoto wake. Plato kwenye kitabu chake Sheria na Aristotle, mwanafunzi wake, kwenye Siasa wote wanautumia mfano huo kuelezea maisha kabla ya dola.

5. Sasa Jamhuri, na hapa ndipo wengi wanapotea. Odyssey 11, mstari wa 489, Achilles akiwa kuzimu anasema bora awe kibarua wa mtu fukara kuliko kuwa mfalme wa wafu wote. Jamhuri kitabu cha 3 kinapoanza tu, Socrates, mwalimu wa Plato na msemaji mkuu wa kitabu hicho, anataka mstari huo ufutwe, maana askari wataogopa kufa. Watu wanafunga kitabu hapo wanakuja kutuambia Plato hataki mashairi. USIFUNGE. Nenda mpaka kitabu cha 7, kwenye mfano wa pango, ambamo wafungwa wanaona vivuli tu wakidhani ndio ukweli, yule aliyetoka nje akaona jua anakumbuka heshima wanazopeana wafungwa kule chini, na Socrates anasema atajisikia kama Achilles, halafu ananukuu mstari ule ule! Uliokatazwa kwa askari sasa unatuambia kwamba walioko pangoni ndio wafu. Usiruke vitabu vya katikati, utaona ni nukuu ya kawaida tu.

6. Malizia na hadithi ya Er, askari aliyekufa akafufuka na kusimulia aliyoyaona kwa wafu, Jamhuri kitabu cha 10, roho ya Odysseus inachagua maisha ya raia wa kawaida asiye na makuu.

MASWALI

— Mkuu nipe samari, nina testi kesho.
Hatua ya 5. Isome.

— Kwa hiyo Plato alimchukia Homer?
Hapana, na nimeshaeleza. Kitabu cha 10 Socrates anasema anampenda na kumheshimu Homer tangu utotoni.

— Ule mstari wa mtawala mmoja, Aristotle aliuchukuliaje?
Swali zuri sana ndugu yangu. Kwenye Siasa kitabu cha 4, akijadili demokrasia ambayo umati uko juu ya sheria, anasema haiko wazi kama Homer anakataa wengi wanaotawala kwa pamoja au wengi kila mmoja kivyake. Halafu anafungia nao Metafizikia kitabu cha 12, akitetea kwamba ulimwengu una chanzo kimoja. Yaani kemeo la kutuliza askari limepanda mpaka huko.

— Na Hobbes je?
Huyu mwanafalsafa wa siasa wa Uingereza, uzeeni, miaka ya 1670, alitafsiri Iliad na Odyssey zote kwa Kiingereza. Ila kabla ya hapo, 1629, alishatoa tafsiri ya Thucydides, mwanahistoria Mgiriki wa vita vya Athens na Sparta, na kama unataka kuelewa hofu yake ya vita vya wenyewe kwa wenyewe anzia huko, kitabu cha 3, machafuko ya kisiwa cha Corcyra.

— Asante, naanza leo.
Soma kwa sauti mkuu, tungo hizi zilikuwa za kusikilizwa.