Somo: Chora zimwi, kisha lifukuze (kazi za Halloween kwa watoto wa miaka 3 hadi 6)

Oktoba ikifika huku Minnesota, Marekani, kuta za chekechea zinajaa maboga, popo na buibui wa karatasi. Mimi mtu wa Tanga, na mwaka wangu wa kwanza kazini niliiga wenzangu: nikachapisha picha za maboga, nikagawa krayoni, nikasema pakeni rangi. Dakika tatu wamemaliza, na mmoja ameshahamia kwenye kiatu cha mwenzake. Kujaza rangi ndani ya mistari ya mtu mzima si kuchora, na watoto wanalijua hilo kabla yetu.

Kwa mlioko nyumbani: Halloween ni usiku wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Kule Ayalandi walikuwa wakichonga sura kwenye tanipu, mboga ya mzizi wa mviringo. Waliohamia Marekani wakakuta maboga, makubwa na mepesi kuchonga. Huku kwetu hali ya hewa nayo ina lake. Wenyeji bado wanasimulia theluji ya Halloween ya mwaka 1991, iliyoanza siku hiyohiyo na kuliachia jiji letu la Minneapolis zaidi ya sentimita 70. Kwa hiyo kazi ya kufanyia ndani ni lazima uwe nayo mfukoni.

Kilichoniokoa ni kitabu cha picha, "Go Away, Big Green Monster!" cha Ed Emberley, kilichotoka mwaka 1992. Kurasa zake zimetobolewa. Unafungua, unaona macho mawili ya njano kwenye giza. Unafunua tena, pua imeongezeka. Halafu mdomo mwekundu na meno, masikio, nywele za zambarau, mpaka uso mzima wa kijani unakukodolea. Kuanzia hapo, kila ukurasa unaofunua unaondoa kitu kimoja, mpaka linabaki giza tupu. Zimwi la hadithi za bibi yangu lilibeba mtoto ndani ya ngoma. Hili linabomolewa kiungo kwa kiungo na mtoto mwenyewe.

Vifaa: kibao cheusi kwa kila mtoto (kipande cha plaiwudi kilichopakwa rangi ya ubao kinatosha), chaki za rangi, kitambaa na bakuli la maji.

Hatua ya 1. Soma kitabu mara mbili kabla chaki haijaonekana. Mara ya kwanza funua wewe. Mara ya pili wafunue wao, na zimwi liondoke kwa amri yao.

Hatua ya 2. Anzeni na macho. Hapa ndipo watu wazima tunapokosea, maana sisi tukichora uso tunaanza na duara. Mpe duara mtoto wa miaka mitatu: jicho moja litaangukia ukingoni, la pili litatoka nje kabisa, na pua haitapata pa kukaa. Ataona amekosea. Akianza na macho, hakuna kosa linalowezekana, kwa sababu uso utakuja kuyazunguka popote yalipo. Asiyeweza kufunga duara aweke madoa mawili mazito ya njano. Hayo ni macho.

Hatua ya 3. Taja kiungo kimoja, kisha nyamaza. Pua. Ngoja. Mdomo. Ngoja. Meno watachora mengi kuliko mdomo, waache. Masikio, nywele, na mwisho kabisa mstari wa kijani kuzunguka vyote. Usichore lako pembeni, wataliiga na kusikitika. Wa miaka mitatu au minne huenda akatoa miguu moja kwa moja kichwani, bila kiwiliwili. Ndivyo watoto wa umri huo wanavyochora watu, usimsahihishe.

Hatua ya 4. Piga picha kwa simu. Niliwahi kuruka hatua hii, na mtoto mmoja alilia mpaka saa ya kwenda nyumbani akidai nimrudishie zimwi lake.

Hatua ya 5. Kulifukuza. Kidole ndani ya kitambaa kilicholowa, kiungo kimoja kimoja, na kila mmoja achague aanze na nini. Wengi huanza na meno. Sasa angalia ubao vizuri: ukiwa umelowa unaonekana mweusi safi, lakini ukianza kukauka vumbi la chaki linajitokeza tena, hafifu, na macho yale mawili yanarudi kama ukungu. Mara ya kwanza darasa zima lilipiga kelele, "Limerudi!" Nami nilishtuka. Siku hizi naiacha makusudi. Wanalifuta mara ya pili kwa kitambaa kisafi, na wanakuwa wakali zaidi.

Kazi ya pili: mzuka wa nta

Hii ni ya miaka minne kwenda juu. Mtoto anachora mzuka kwa krayoni nyeupe kwenye karatasi nyeupe, akikandamiza sana. Haoni anachochora, kwa hiyo wengi hucheka tu. Kisha anapitisha brashi yenye rangi nyeusi ya maji. Nta haishiki maji, rangi inakimbilia pembeni, na mzuka unatokea mweupe katikati ya usiku. Karatasi iwe nzito. Ile ya fotokopi hujikunja na kuchanika.

Kazi ya tatu: buibui wa viganja

Paka viganja rangi nyeusi, acha gumba, bandika viwili vikipeana migongo. Vidole vinne mara mbili, miguu minane. Kilichobaki ni kuongeza macho tu.

Maswali ya wanakikundi

Mama wa watoto wawili, Ohio: Dada, nyumbani kwetu Halloween hatuifanyi, ni suala la imani. Nimkataze mtoto kuchora siku hiyo?

Jibu: Nakuelewa, hata darasani kwangu wapo. Kitabu hiki hakiitaji Halloween popote, wala hakina boga au mchawi. Mimi huwa nafanya kazi ya kwanza na darasa zima, na mzuka ni wa wale tu ambao wazazi wao wamekubali. Ongea na mwalimu mapema mwezi, usingoje tarehe 30. Mwalimu akijua mapema anaandaa kazi nyingine bila mtoto kujiona ametengwa.

Mwalimu wa awali, Arusha: Shikamoo mwalimu. Huku krayoni nzuri ni ghali, na rangi za maji hatuna. Nimejaribu kwa krayoni nilizopata dukani, mzuka haukutokea.

Jibu: Marahaba mwanangu. Nyingine zina nta kidogo sana, hazizuii maji. Tumia mshumaa mweupe wa kawaida, ukate vipande vifupi vinavyoenea mkononi. Kwa rangi, wino uliochanganywa na maji mengi unafaa, lakini wafunge aproni au mashati makuukuu, maana wino hautoki kirahisi. Jaribu wewe kwanza kwenye kipande kidogo: rangi ikifunika nta, bado ni nzito, ongeza maji.

Baba, Iowa, asili Bukavu: Mtoto wangu ana miaka mitatu, anaogopa hata hicho kitabu. Nikifika kwenye macho anakifunga.

Jibu: Kaka, kukifunga ndiko kulifukuza, ameshaelewa somo! Usimlazimishe. Anza na ubao bila kitabu. Chora wewe macho mawili madogo, mpe kitambaa ayafute. Rudia yakiwa makubwa kidogo. Akianza kukuagiza uchore, mpe chaki.

Mama wa watoto wawili, Ohio: Samahani, narudi tena. Wanangu wanaelewa Kiswahili ila wananijibu Kiingereza. Hiki kitabu nisomeje?

Jibu: Maneno ni machache, simulia kwa Kiswahili chako mwenyewe huku ukionyesha picha. Macho, pua, mdomo, meno, masikio, nywele: ndani ya siku tatu watakuwa nayo yote. Na sheria ya nyumbani kwangu ni kwamba zimwi letu halijui Kiingereza. Ukiliambia "go away" linakutazama tu. Ukisema "toka!" linaondoka.

Bibi, Tanga: Hivyo vibao baadaye mnavifanyia nini?

Jibu: Shikamoo bibi. Novemba tunachorea herufi.