Kabla hujafungua taa za mbele zilizopauka, chora chaki ukutani kwanza

Wenye pikapu za zamani, hasa Hilux za miaka ya 90 na 2000 mwanzoni, kama taa zimeshakua njano na ukungu na ushasugua na msasa mara mbili tatu ukungu unarudi, nunua tu mpya, ile plastiki ikishatoka ile layer ya juu inayozuia jua haichukui muda inapauka tena.

Sasa kitu ambacho wengi wanaruka: kabla hujagusa spana paki gari sehemu tambarare mita kama 5 kutoka ukutani, washa dimu (mwanga wa chini), chora kwa chaki pale mwanga unapokatikia. Ukishafunga mpya rudisha gari palepale, zungusha skrubu za nyuma ya taa mpaka mwanga ukae kwenye ule mstari, la sivyo utawapofusha wenzio barabarani usiku na wewe mwenyewe huoni mbali.

Dukani angalia pia taa isiwe ya nchi ambazo magari yanapita upande wa kulia wa barabara. Huku kwetu tunapita kushoto, kwahiyo mwanga ukiwa ukutani unatakiwa uinuke kidogo upande wa kushoto, ukiinuka kulia rudisha taa dukani.

Globu ya H4 (ile balbu ya halojeni inayokaa ndani ya taa) usiishike kioo na vidole jamani, mafuta ya mkono yanaiunguza mapema, tumia kitambaa kisafi. Na ile raba ya nyuma ikiwa imechanika badilisha hapohapo, maji yakiingia taa mpya inaharibika.